Mto unapobisha hodi dukani kwa Azar

Saa kumi na mbili asubuhi, Ramona Azar anaingia dukani bila kuwasha taa. Anapita gizani katikati ya ovaroli na makoti, anafungua mlango wa nyuma na kuutazama mto. Kisha anarudi ndani, anabandika kiganja kwenye ukuta wa matofali na kukiacha hapo kwa muda, kama mama anayempima mtoto homa.

"Leo mkavu," anasema, na kushusha pumzi. Ndipo anapowasha taa.

Ukutani kuna ufa. Umeanzia sakafuni na kupanda hadi karibu na dari, na kwa chini mkono wa mtoto unaweza kuingia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ramona ameuziba mara tatu, na mara zote tatu umefunguka tena. Sasa ameuning'inizia mbele yake mashati ya flana ili wateja wasiuone, ingawa mji mzima wa Bramlow unajua kuwa upo.

"Mto unasemaje?" sauti inauliza kutoka kwenye kiti kilichoko karibu na mlango wa mbele.

"Umelala, Baba."

"Mwongo huyo. Usimwamini."

Mwenye sauti ni Woodrow Azar, mzee wa miaka themanini na sita, baba yake Ramona. Amevaa tai, kama alivyofanya kila siku ya kazi maishani mwake, na magotini amepakata kopo la kahawa. Zamani alikuwa akiishi ghorofani, juu ya duka. Siku hizi analala nyumbani kwa bintiye, mlimani, na kila asubuhi wanateremka pamoja. Hapandi tena ghorofani, na hadi wiki hii ni watu watatu tu katika Bramlow waliojua sababu.

Duka hili lilifunguliwa mwaka 1921 na babu yake Woodrow, Tannous Azar, aliyetoka milima ya Lebanoni akafika milima ya West Virginia na sanduku mgongoni. Alipanda kambi moja ya wachimba makaa hadi nyingine akiuza sindano, leso na kanda za kushikilia suruali. Wanawake wa kambini, ambao hawakuwa na namna ya kufika mjini, walimlisha maharage na mkate wa mahindi. Naye aliwafundisha kuviringa wali na nyama ndani ya majani ya mzabibu, na hadi leo misiba mingi ya Bramlow haipiti bila sahani ya majani hayo mezani.

Mtoto wake, Nicholas, ndiye aliyejenga jengo hili la matofali, na alilijenga mahali ambapo kila mtu alilitaka duka liwe: barabara kuu, nyuma yake mto, mbele yake reli. Wachimbaji walishuka siku ya malipo wakiwa weusi kwa vumbi la makaa na kutoka wakiwa na buti mpya. Mabibi harusi walivalia hapa. Maiti pia, kwani nyumba ya mazishi ikikosa shati jeupe la kumvalisha marehemu, ilituma mtu kwa Azar.

Machimbo yalipofungwa, watu walihama. Bramlow iliyokuwa na watu elfu nne sasa haifiki elfu moja na mia moja. Mwaka jana, baada ya kulipa kila kitu, duka liliwaachia akina Azar dola elfu kumi na nane. Bima ya mafuriko peke yake inataka zaidi ya elfu kumi na moja.

"Kwa hiyo bima yetu ni majirani," anasema Ramona, 58, akikunja jinzi. "Majirani na Mungu, na Mungu naye ana shughuli nyingi."

Hilo la majirani si maneno tu. Tangu enzi za Nicholas, Mto Sallow ukianza kupanda, Bramlow hufanya jambo ambalo watu wa miji mingine wakisimuliwa hudhani wanataniwa. Familia za mlimani hushuka na pikapu zao, hubeba nguo zote za duka, na kwenda kuzitundika majumbani mwao hadi maji yapungue. Hakuna anayeandika kitu. Sharti ni moja: beba isiyokutosha.

Mnene hupewa nguo za wembamba, na mwembamba hupewa za wanene. Mwenye watoto wa kiume hubeba magauni, na mwenye mabinti hubeba buti za wachimbaji.

"Babu alikuwa akisema hawazuii watu kuiba," anaeleza Ramona. "Alisema anawaepusha na kioo. Mtu mwema akikaa wiki nzima na koti zuri linalomtosha, siku ya tano atalijaribu. Siku ya sita atalizoea."

"Mimi ndiye niliyeonewa kuliko wote," anadakia Delphia Mullins kutoka kwenye cherehani. Delphia, 63, amekuwa fundi wa duka hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na ni mwembamba kiasi kwamba Woodrow humwita Kijiti. "Kila mafuriko napewa ovaroli za mapandikizi ya watu. Mume wangu akiingia sebuleni anasema, leo tena kuna mkutano wa wachimbaji humu?"

"Kula, Kijiti, tukupe magauni," anasema mzee mlangoni.

"Niache, mzee Woodrow. Wewe mwenyewe suruali imekukimbia, inashikiliwa na kanda tu."

Wanacheka wote. Lakini Ramona anacheka huku macho yake yakiwa dirishani, kwa sababu juu ya mlima wa magharibi wingu limeanza kukaa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na Ramona ameumwa zaidi ya mara moja. Anasema mvua ikigonga bati, huwa ameshasimama kabla akili haijajua kinachoendelea. Viatu vyake vya mpira viko mlangoni majira yote ya mwaka, na gari lake huegeshwa likitazama mlimani. Mumewe, kabla hajafariki, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke aliyeolewa na mto.

Hofu yake haikuwa ya nguo, kwani nguo zina kwao mlimani. Ilikuwa ya baba yake.

Maana sharti la Nicholas lilikuwa na sehemu ya pili, nayo iliwahusu akina Azar wenyewe: mmoja wao hubaki dukani hadi nguo ya mwisho itoke. Nicholas alilitimiza, na baada yake Woodrow. Lakini Woodrow alizidisha. Nguo ya mwisho ikishatoka, yeye hakutoka. Alipanda ngazi, akafunga mlango wa ghorofani, akakaa huko peke yake hadi maji yalipoondoka. Tangu mwaka 1977 alifanya hivyo katika kila mafuriko, makubwa kwa madogo.

Mji ulimpenda kwa hilo. Ulimpa jina la Nahodha. Miaka minne iliyopita, maji yalipofika karibu na ghorofa ya pili, zimamoto walimtoa kwa boti kupitia dirishani, na picha yake akipunga kofia ilitundikwa katika mgahawa na kinyozi. Watu waliokuwa mlimani walipiga makofi.

"Wao wanapiga makofi, mimi niko nyuma ya gari natapika," anasema Ramona. "Nilikuwa nimeshamzika kichwani. Nilikuwa nimefika hadi kwenye kuchagua shati."

Kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kilio hicho Ramona alikisikia kikimjia kila mvua iliponyesha. Baada ya mafuriko hayo alikuja mhandisi, akauangazia ufa kwa tochi na kumwambia kwamba ukuta wa nyuma hautastahimili mafuriko mengine makubwa. Ramona alimsubiri aongeze neno "labda", lakini hakuliongeza.

Alimsihi baba yake ahame ghorofani, mzee akakataa. Alimwomba mchungaji aseme naye. Mchungaji alirudi akiwa amenunua soksi, na jibu lilikuwa lile lile.

"Kuna wakati nilikuwa naomba maji yaje yabebe duka lote nipumzike," anasema kwa sauti ya chini, akihakikisha mzee hasikii. "Halafu nakumbuka Baba yuko mle ndani. Basi naanza kumwomba Mungu asahau nilichosema."

Maji yalikuja Februari mwaka huu.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Theluji ya mlimani ilikuwa ikiyeyuka, na mvua ya siku tatu ikaikuta. King'ora kilipolia, pikapu zilikwisha kuanza kushuka. Watu walipanga mstari kutoka dukani hadi barabarani, nguo zikapita mkono kwa mkono, na Woodrow alisimama kwenye kaunta akigawa.

"Wewe unavaa namba ngapi kiunoni? Thelathini na nne? Beba hizi za arobaini na sita. Haya, nenda!"

"Mzee, nimenenepa, hizo zinakaribia kunitosha!"

"Basi beba sidiria. Zikikutosha, rudi unieleze."

Watu walicheka na kuharakisha. Nje maji yalikuwa yamefunika reli, kisha yakaanza kuilamba ngazi ya mbele. Nguo ya mwisho, koti la sufu la kike, ilipotundikwa mkononi mwa Delphia, Ramona aligeuka kumshika baba yake mkono. Hakumkuta. Alikuwa ameshapanda juu.

Tolliver Crum, kiongozi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, alisimama chini ya ngazi na kuita.

"Mzee wangu, shuka bwana. Boti yetu pekee iko ng'ambo ya mto, leo hakuna wa kukuchukua dirishani."

"Nendeni. Nahodha haachi meli."

"Hii si meli, Baba, ni duka!" Ramona alipiga kelele. "Na lina ufa!"

Maji yakaingia kwa chini ya mlango, membamba kwanza, yakitafuta njia yake kati ya mbao za sakafu. Ukuta wa nyuma ulitoa sauti. Ramona anasema haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu anayevunja biskuti katika chumba kingine.

Ni Delphia aliyesema neno. "Tolliver, wewe ni mpana kama mlango. Huyu mzee anakutosha?"

"Nani, mzee Woodrow? Hanitoshi hata mguu mmoja."

"Basi kwa sharti la duka hili, ni wa kwako kumbeba."

Tolliver alicheka. Juu hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtia Ramona hofu mpya, kwa sababu baba yake hajawahi kuacha mzaha upite bila kuujibu. Alipanda ngazi akikimbia.

Alimkuta ameketi ngazi ya juu kabisa, gizani, mlango wa ghorofa ukiwa wazi nyuma yake. Kwa mikono yote miwili alikuwa ameshika nguzo ya reli ya ngazi, vidole vimekuwa vyeupe. Suruali yake ilikuwa imelowa, na maji ya mto hayakuwa yamefika huko.

"Baba?"

"Miguu haitaki," alisema. "Naiambia, haitaki."

Ramona aliketi kando yake. Anasema wakati ule alisahau ukuta. Kwa miaka yote ile alijua kuwa baba yake ni mbishi, ana kiburi, anapenda sifa. Alikuwa na maneno tele ya kumwambia mtu mwenye kiburi. Kwa mtu anayetetemeka hakuwa na neno hata moja.

Hapo ndipo mzee alipomwambia. Mwaka 1977, akiwa na miaka thelathini na minane, alikuwa akishuka ngazi hizo na maboksi ya kofia mto ulipouvunja mlango. Maji yalimchukua miguu na kuzima taa. Aliikamata reli ya ngazi na kuning'inia humo, maji yakimfika kidevuni, yakipanda na kushuka, hadi majirani walipomfikia. Tangu siku ile, akiona maji chini ya ngazi hupanda juu, na akishapanda hawezi kushuka. Hakuwa akilinda duka. Alikuwa akiukimbia mto kuelekea mahali pekee alipopajua, na watu wakamwita Nahodha kabla hajapata nafasi ya kusema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa," alisema Woodrow.

"Baba! Mimi naogopa tangu nina miaka kumi!"

Chini, Delphia alikuwa amesikia. Alipanda na lile koti la sufu, akamfunika mzee kichwa na mabega ili asiyaone maji.

"Nguo ya Azar haitoki bila kufungwa vizuri," alimwambia. "Tulia hivyo hivyo."

Tolliver alimbandua vidole kimoja kimoja, akamweka mgongoni. Walivuka duka maji yakiwa magotini. Ramona alitembea nyuma akiwa ameweka kiganja kwenye mgongo wa baba yake, na chini ya koti alimsikia akihesabu kwa sauti, kwa Kiarabu cha bibi yake, lugha ambayo Ramona hakuwahi kujua kwamba mzee bado anaikumbuka.

Maji yalipanda hadi juu ya kaunta, yakakaa siku mbili na kuondoka yakiacha matope ya kufikia kiwiko. Ukuta ulisimama. Ufa, ambao zamani ulipitisha kidole, ndio huu wa leo unaopitisha mkono. Nguo zilirudi kutoka mlimani zikinuka moshi wa kuni na mapishi ya watu, kila moja, hata soksi. Na watu watatu waliokuwa kwenye zile ngazi walifunga midomo, kwa sababu mzee aliwaomba hivyo.

Lakini siri ile ilimlemea Ramona pia. Mlimani kuna shule ya msingi iliyofungwa watoto walipopungua. Kaunti iko tayari kuipangisha kwa bei ndogo. Ni jengo la ghorofa moja, lina madirisha mapana na halina ngazi hata moja. Ramona ameshapima ukumbi wake na kuona rafu zote zinaenea. Alichokosa ni ndiyo ya baba yake, maana nusu ya duka ni mali yake, na mji haukomi kumsisitizia abaki.

"Wanakuja hapa wanamwambia, Nahodha, usimruhusu binti akuhamishe. Azar bila barabara kuu si Azar," anasema Ramona. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nawaambia. Wanatikisa vichwa. Naye akiwasikia ananiambia tungoje mwaka mmoja tena. Mwaka mmoja! Ukuta huu nakaa nao kila siku, nausikia."

Saa nane mchana, wingu la magharibi limeshafunika mlima wote. Duka lina wateja wawili: mwanamke anayetafuta sketi ya mazishi ya shangazi yake, na mstaafu mmoja wa machimboni anayepapasa kofia asizokusudia kununua. Mstaafu huyo anamgeukia mwandishi wa makala haya na kumwonyesha mzee kwa kidevu.

"Umeshaandika habari ya Nahodha? Andika vizuri. Maji yakija wote tunakimbia, yeye anabaki. Hakuna mtu kama huyo tena nchi hii."

Woodrow anaweka kopo lake la kahawa sakafuni. Ramona anaacha kukunja nguo.

"Kaa, Virgil," mzee anamwambia mstaafu. "Na wewe mwenye kalamu, andika hili."

Anasimulia yote, polepole, bila kuruka hata suruali iliyolowa. Hatafuti maneno mazuri. Virgil anavua kofia ya dukani aliyoijaribu na kubaki ameishika. Mwanamke wa sketi analia waziwazi. Kwenye cherehani, Delphia ameinamisha kichwa na hashoni kitu.

"Miaka hii yote mnaniita Nahodha," anamaliza Woodrow. "Nimechoka nalo jina. Binti yangu ameishi roho mkononi kwa sababu ya jina tu."

Virgil anairudisha kofia kwenye rafu. Kisha anasema, "Mzee, mimi nimekaa chini ya ardhi miaka ishirini na sita. Unadhani kuna siku sikuogopa?"

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniuliza?"

Tone la kwanza la mvua linagonga bati la kibaraza. Kisha la pili, kisha yanakuwa mengi na hayahesabiki. Hakuna king'ora. Redio haijasema lolote, na huenda ikawa mvua ya kawaida ya majira ya machipuko, ya kulowesha bustani na kupita. Mkono wa Ramona umeshafika ukutani, nyuma ya mashati ya flana.

"Ramona," anaita baba yake.

"Nasikia, Baba. Ni mvua ndogo."

"Naogopa."

Amelisema kwa sauti ya kusikika duka zima. Ameshika magoti yake, na kopo la kahawa limemwagika kando ya kiatu.

"Naogopa," anarudia. "Twende juu kwenye ile shule yako. Nataka kuiona leo. Ukiwa na karatasi za kusaini, zibebe."

Ramona anautoa mkono ukutani. Machozi yanamtoka na hayafuti. Anazima taa za nyuma, anazima za kaunta, anachukua koti lake na la mzee. Virgil na mwanamke wa sketi wameshatoka nje, wako barazani. Delphia amesimama katikati ya duka akizungusha macho: rafu zimejaa, makoti yako kwenye henga, ovaroli zimepangwa hadi darini.

"Na nguo je?" anauliza. "Hakuna hata moja iliyotoka."

"Ziache," anasema Woodrow, akimpa bintiye mkono ili amwinue. "Leo tunatangulia sisi."